Furaha ya Kukunja Mashuka

Nawaambia mapema kabisa: kama mmekuja kusikia kwamba kazi ndogo ya mikono huleta furaha, kamuulizeni shemeji yangu. Yeye ndiye mwenye maneno. Mimi nina mikono tu, na hata hiyo siku hizi imekaa bure.

Shemeji yangu huyo ni mume wa dada yangu. Ningesema alikuwa mume, maana dada hayupo tena, lakini ushemeji hauishi kwa kufiwa. Alikuwa mwalimu wa falsafa chuoni, na mtaani walimwita hivyo hivyo, Falsafa. Watoto wakimwona anapita walikuwa wanamuuliza, "Falsafa, kuku na yai nani alitangulia?" Naye, loo, anasimama kweli, anafikiri, chakula kinapoa nyumbani. Dada alikuwa akitoka kwenda kumchukua njiani kama mtu anayefuata mbuzi wake. Alimpenda mwanamume yule, sijui kwa nini. Hata jiko hakujua kuliwasha.

Dada alipougua alilazwa hospitali ileile niliyokuwa nikifanya kazi. Yeye ghorofa ya juu, mimi chini kabisa kwenye chumba cha kufulia. Nikipata upenyo napanda ngazi na aproni yangu imelowa, nakaa kando ya kitanda chake. Siku moja alinishika mkono akaniambia, "Huyu mume wangu nikiondoka atakufa kwa mawazo. Usimwache, mdogo wangu."

"Nyamaza," nikamwambia, "huendi popote."

"Nakuuliza unaahidi au huahidi?"

Nikaahidi. Ningefanyaje? Na ahadi uliyompa mtu akafa nayo huna pa kwenda kuirudisha.

Alipofariki, shemeji alijitupa kitandani akageukia ukuta. Wageni wa msiba walikuja wakaondoka, yeye kageukia ukuta. Chuo kilimngoja, kikachoka, kikamweka mtu mwingine. Nyumba ilikuwa ya chuo, basi nikamhamishia kwangu, vyumba viwili, yeye chumba cha ndani mimi sebuleni kwenye godoro. Namletea uji, ananiuliza, "Shemeji, kula ni kwa ajili ya nini?"

"Ni kwa ajili ya kuziba mdomo unaouliza upuuzi."

Zamani angecheka, maana mimi naye tulikuwa watani wakubwa. Sasa hacheki. Uji unaganda utando juu. Mashavu yakaingia ndani, shingo ikabaki mishipa, na mimi nikaanza kuogopa kweli. Huyu anakufa, nikasema, tena anakufia chumbani kwangu, na mimi niliahidi. Nitamwambia nini dada huko niendako?

Asubuhi moja nikamvuta miguu mpaka akaanguka chini. "Inuka! Leo unakwenda kazini na mimi." Sikuwa na falsafa yoyote, jamani. Nilikuwa siwezi tu kumwacha peke yake na ule ukuta.

Sasa niwaeleze pale mahali, maana ndiko yalikotokea yote. Mashuka machafu yalikuwa yanashuka kwa toroli mpaka chumba cha nyuma, cheusi, sakafu inateleza. Pale tunachambua: ya damu huku, ya mkojo kule, ya dawa za rangi pembeni. Kisha mapipa ya kuchemshia. Huko alikuwa Mama Mvuke, mwanamke wa makamo mwenye macho mekundu kwa moshi, na mgongo uliokuwa hauwezi tena kunyooka sawasawa. Yeye ndiye aliyenipokea nilipoanza kazi, akanifundisha kila kitu, na matusi pia. Halafu masinki ya kusuuza, halafu uani kwenye kamba. Mwisho ndiyo unafika chumba cha kukunjia, chenye madirisha makubwa na meza ndefu. Kule ndiko jua lilikokuwa linaingia, na tulikuwa tunapapigania. Shuka hukunjwa na watu wawili, kila mmoja ameshika pembe zake mbili, mnalivuta likanyooka, mnakutana katikati, unampa mwenzako pembe, unainama kuokota mkunjo. Sisi tulikuwa tunafanya haraka haraka huku tunamteta msimamizi.

Na kulikuwa na desturi moja. Mgonjwa akifariki, muuguzi akilitoa shuka lake hulifunga fundo pembeni kabla ya kulitupa kwenye toroli. Maana yake: hili la marehemu, lichemsheni peke yake. Sisi tukilikuta tunanyamaza. Hata kama mlikuwa mnacheka mpaka machozi, mnanyamaza, mmoja analifungua, na hakuna anayesema neno mpaka fundo liachie. Shuka la dada lilishuka siku aliyofariki, nikiwa zamu. Mama Mvuke alinyoosha mkono alichukue, nikamwambia hapana, hili langu. Lilikuwa limekazwa sana. Nililifungua kwa meno.

Basi nikampeleka shemeji pale. Msimamizi hakujali, mtu wa bure nani anamkataa? Siku za mwanzo alikuwa balaa. Akishika shuka linakwenda upande, akikunja linatoka na umbo la kiatu. Mama Mvuke akaniambia, "Huyu mwalimu wako alifundisha watu nini?" Nikamwambia alifundisha watu kuuliza. "Na kujibu je?" Nikasema hiyo labda ilikuwa darasa la mwenzake.

Siku moja akapotelea chumba cha nyuma. Tukasikia kimya, tukaenda kuangalia. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shuka lenye fundo mapajani, anahangaika nalo kwa kucha, polepole, ulimi umetoka kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Sisi tukasimama, tukanyamaza kama ilivyo desturi. Mtu aliyekuwa na ndoo akaishikilia isigonge. Maji yalikuwa yanadondoka tu kwenye sinki. Fundo likaachia. Shemeji akainua uso, akatuona sote tumesimama kimya, vichwa chini, na akatabasamu. Sikuwa nimeona tabasamu lile tangu msiba.

"Kumbe hapa kuna utulivu namna hii," akasema. "Miaka yote sijawahi kukaa mahali penye utulivu namna hii."

Mnaelewa? Tulikuwa tumemnyamazia maiti, yeye akadhani ndiyo raha ya kazi yetu.

"Hili fundo la nini?" akaniuliza.

Mama Mvuke akanitazama. Na mimi nikasema, "Ni wauguzi tu, wana mchezo wa kufunga funga vitu."

Jioni ile alikula. Akala, akaongeza, akalalamika kwamba chumvi ni kidogo. Nikatoka nje nikasimama nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha, nikamwambia dada, "Unaona? Anadai chumvi!"

Tangu siku hiyo mafundo yote yakawa yake. Akifungua moja anapata nguvu ya kukunja mchana kutwa, anaimba imba, anasema na watu. Lakini siku ambayo juu hajafa mtu, shemeji anakuwa mnyonge. Anazunguka matoroli, anachungulia. "Leo hakuna?" Anarudi nyumbani, anausogelea ukuta wake. Mungu anisamehe, nikafika mahali asubuhi naingia kazini, nikiona toroli limeshuka na fundo nashukuru. Nashukuru! Mtoto wa watu amekufa, mimi nashukuru. Nilipoona ninakoelekea siko, nikaanza kufunga mafundo mwenyewe kwenye mashuka ya wazima nikamwekea. Basi sote tunasimama kimya, vichwa chini, kwa ajili ya shuka la mtu aliyekwenda zake nyumbani mguu umepona. Mama Mvuke alikuwa anayachemsha kila moja peke yake vile vile, kuni zinaisha, ananiapiza chini chini.

Laiti yangekomea hapo. Lakini mwalimu ni mwalimu, akipata kitu lazima akiseme. Wanafunzi wake wa zamani wakasikia Falsafa kafufuka, wakaja kumwona. Akawapokea uani kati ya kamba, mashuka yanapepea nyuma yake, akawaambia, "Umri wangu wote nimeitafuta furaha kwenye vitabu, kumbe ilikuwa kwenye toroli." Wakatazamana. Mmoja akatokwa na machozi. Wakaomba na wao wakunje. Kesho yake wakaja na marafiki, hao nao wakaleta wakubwa wao wa kazi. Magari yakajaa nje ya ukuta mpaka yule mkuu wa hospitali, mtu ambaye hakuwahi kushuka ngazi zile tangu ateuliwe, akashuka.

Kile kichwa kilikuwa na akili, siwezi kumnyima. Aliwatazama meneja wa benki na mwanasheria wanavyokunja foronya huku wamefumba macho, akauliza kama wanalipa. Wiki haikupita kibao kikapigwa mlangoni: Chumba cha Utulivu. Mapazia yakaja, mito ya kukalia ikaja, na sisi tukatolewa kwenye jua tukasukumwa nyuma.

Wageni hawakutaka harufu. Hawakutaka doa. Walitaka mashuka safi, meupe, yenye fundo moja moja la kufungua, halafu wakunje. Sasa mashuka safi yenye mafundo yanatoka wapi? Kwetu. Tukawa tunafunga mafundo, wao wanayafungua. Wao wanakunja mbele, sisi tunakunjua nyuma, tunafunga tena, tunawarudishia. Mashuka yale yale, asubuhi mpaka jioni, kutoka chumba hiki kwenda kile. Juu wodini wauguzi wanapiga kelele kwamba wagonjwa wamelala juu ya plastiki. Mkuu akawajibu wawe na subira, utulivu hauji kwa pupa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakuwaona wageni hawa.

Na shemeji katikati, amenenepa, shati limemkaa, anapita kati ya meza akisema, "Polepole. Msiwaze kitu. Kuna pembe nne tu duniani." Akiniona mlangoni ananikonyeza. Alikuwa na furaha, wallahi. Nilikuwa naudhika naye mpaka basi, kisha namwona alivyo na rangi usoni, nasema haya, si ndilo nililoahidi?

Halafu uvumi ukaanza. Kwamba machafu yote yatapelekwa nje ya mji kwenye mashine, pale pabaki chumba cha wageni peke yake. Mama Mvuke akanivuta nyuma ya mapipa.

"Mwambie," akasema.

"Nimwambie nini?"

"Usinifanye mjinga. Mwambie maana ya fundo. Akijua ataacha, akiacha wageni wataondoka, na sisi tutabaki na kazi yetu."

"Nikimwambia atarudi kwenye ukuta. Atakufa, Mama."

"Na usipomwambia sisi tutarudi wapi? Mimi mgongo huu nitaupeleka wapi? Nani atanipa kazi? Dada yako alikuachia mtu mmoja. Mimi nyumbani nina wajukuu wananiangalia mikono."

Alikuwa amenifundisha kazi, alikuwa amenishika siku ile nilipomaliza kulifungua shuka la dada. Nikazunguka na neno lile tumboni siku kadhaa. Mwishowe mchana mmoja nikamfuata shemeji uani, wageni wakiwa wamepumzika. Alikuwa anabana vibanio kwenye kamba kwa raha zake.

"Shemeji, nilikudanganya," nikamwambia. "Fundo si mchezo wa wauguzi. Ni shuka la mtu aliyekufa. Tulipokuwa tunanyamaza, tulikuwa tunamnyamazia yeye. Hapakuwa na utulivu wowote pale. Palikuwa na msiba."

Kibanio kikamwanguka. Akakaa chini palepale, kwenye saruji iliyolowa. Nikaiona ile rangi ikimtoka usoni mpaka nikatamani niyarudishe maneno yangu kinywani. Akainuka bila kuniangalia, akaenda nyumbani kwa miguu, akalala na viatu. Nilikaa sebuleni nasikiliza kama anapumua. Nimemuua, nikasema. Dada, nimemuua mumeo kwa ulimi wangu huu.

Asubuhi nikaamshwa na mluzi. Shemeji ameoga, amechana nywele, anapasha chai. Jiko kaliwasha mwenyewe.

"Kaa, shemeji," akaniambia kwa upole. "Jana uliniumiza. Nikalala nikamtafuta dada yako ndani yangu ili nimlilie. Nimemtafuta sana."

"Halafu?"

"Sikumpata. Hayupo. Pale alipokuwa pameshakuwa peupe, pamenyooka kabisa. Ndipo nikaelewa kwamba nimepona." Akanimiminia chai. "Shuka lake alilifungua nani?"

"Mimi."

"Ukajisikiaje?"

"Nikajisikia nimefiwa na dada yangu! Ulitaka nijisikieje?"

Akatikisa kichwa kwa huruma, vile mwalimu anavyomhurumia mwanafunzi mzito. "Ulilifungua huku unawaza. Ndiyo maana hukupata kitu."

Ebo! Nilitaka kumzaba kibao, kikombe kimtoke mkononi. Mkono ulishainuka. Lakini mtu uliyemlisha uji kwa kijiko unampigaje? Niliahidi asife kwa mawazo, na kweli hatakufa nayo, maana hana hata moja. Nikanywa chai yake. Ilikuwa nzuri, na hilo nalo liliniuma.

Siku ile ile akawaeleza wageni maana ya fundo. Mama Mvuke na mimi tulikuwa nyuma ya pazia tunangoja waanze kukimbia. Nani akimbie? Wakalia kwa raha, wakakumbatiana, wakasema hawajawahi kuguswa namna ile. Idadi yao ikaongezeka. Mama mmoja mwenye miwani akanijia nyuma na shuka lake mkononi, akaninong'oneza, "Samahani, hili ni la kweli au mmefunga nyinyi?" Nikamwambia tumefunga sisi. Akaniomba nimtafutie la kweli.

Mkuu wa hospitali akatuita ofisini mmoja mmoja. Mama Mvuke alitangulia, nami nikasikia yote kupitia mlango ulioachwa wazi.

"Mama, una furaha kazini?"

"Mgongo unaniuma."

"Sikukuuliza mgongo. Nimekuuliza furaha."

"Baba, mimi nachemsha mashuka yenye kinyesi."

Mkuu akahema. "Unaona? Watu wanatoka mbali kuja kulipa ili wapate kile ambacho wewe umekalia miaka yote, na hukukiona. Huu ni uchoyo, Mama. Nafasi hii tumpe mwenye kuithamini." Akampa mkono, akamshukuru kwa utumishi wake, akamwonyesha mlango.

Mama Mvuke akanipita bila kunitazama. Nikasema mimi si mjinga, nimeshalisikia swali. Nikaingia na meno yote nje.

"Una furaha kazini?"

"Sana, mheshimiwa! Nina furaha mpaka silali."

Akang'aa uso. Akainuka, akazunguka meza, akanishika mabega. "Nilijua. Wewe ni shemeji wa Falsafa, damu yenu moja." Sikumkatiza kumwambia kwamba shemeji si damu. "Basi utanielewa vizuri. Mtu mwenye furaha keshalipwa na kazi yenyewe. Kumlipa tena mshahara ni kumvunjia heshima. Wenzako wanalipia, wewe utakunja bure. Karibu sana."

Hivyo ndivyo tulivyomalizwa: asiye na furaha akafukuzwa, mwenye furaha akaambiwa imtoshe. Nikamuuliza, nikikunja bure nitakula nini. Akasikitika, akasema kumbe sikuwa na furaha ya kweli. Nikaondoka na aproni yangu.

Nikatafuta kazi. Nilianza na kufagia barabara, maana ufagio hauulizi vyeti. Nikakuta wafagiaji wa mtaa wetu wamevaa suti za mazoezi, mmoja jaji mstaafu, anafagia jani moja kutoka huku kwenda kule kwa uso wa malaika. Nikaenda sokoni kuuliza kama kuna wa kumenyewa maharage. Mwenye kibanda akaniambia mtaalamu mmoja wa kodi ameshika nafasi, anakuja na kiti chake. Kwenye bustani ya manispaa wanaopalilia walikuwa wamesimama kwenye foleni kungoja majembe. Ukiwauliza wote watakutajia shemeji yangu. Kwa upande wa pili, maofisi yalikuwa matupu, viti vinazunguka peke yake. Nikaingia mojawapo nikamwambia mlinzi mimi niko tayari kuwa mkurugenzi, sina neno. Akacheka mpaka akashika ukuta. Mama Mvuke nilimfuata nyumbani kwake mara moja kumwomba radhi. Binti yake akasimama mlangoni akaniambia mama amelala, na mimi nilikuwa nimeshamwona dirishani amekaa.

Shemeji akapewa chumba kizuri pale hospitali, akahama. Alikuja kunisalimia na mfuko wa matunda. Akaniona nilivyokonda, akakunja uso.

"Tatizo lako unawaza sana, shemeji. Tafuta kazi ndogo ya mikono."

"Ipi? Mmezichukua zote."

Akafikiri, kama alivyokuwa anafikiri kuku na yai. Kisha akasema, "Njoo kesho. Hutalipa. Wewe ni familia."

Nilikwenda. Ningewaambia nilikwenda nikawazomee, lakini kusema kweli nilikwenda kwa sababu mikono yangu ilikuwa inaniwasha kwa kukaa. Nikavua viatu mlangoni kama wengine. Jua lilikuwa limejaa chumba kizima. Nikapangiwa mwenzangu, mwanamke mpole wa rika langu mwenye manukato mazuri na kucha zilizotunzwa. Tukashika pembe.

"Polepole," ikasema sauti ya shemeji.

Nikaenda polepole. Sikuwahi kukunja shuka polepole maishani. Hapakuwa na toroli linalongoja, hapakuwa na msimamizi, miguu yangu ilikuwa mikavu. Nikalivuta, likajaa upepo kidogo, likashuka. Tukakutana katikati, nikampa pembe, nikainama kuokota mkunjo, na mgongo haukulia. Nikanusa sabuni na jua. Tukachukua jingine, na jingine. Na ikaja, jamani. Siwafichi. Ile furaha aliyokuwa akiisema yule mwendawazimu ikaja ikanikaa kifuani, tamu, nyepesi, sijawahi kuipata miaka yote niliyofanya kazi mle ndani. Kumbe alikuwa anasema kweli. Machozi yakanitoka kwa hasira kwamba ni kweli.

Nilipoyafuta ndipo nikashtuka kwamba tangu niingie sijamkumbuka dada hata mara moja. Nikamtafuta haraka haraka, uso wake, mkono wake juu ya wangu. Akaja, lakini alichelewa, tena alikuja kwa mbali. Hofu ikanishika nikataka kuliachia lile shuka nikimbie, na vidole havikutaka kuachia. Vilikuwa vinataka jingine.

Mwenzangu alikuwa ananitazama kwa mshangao. "Jamani, dada yangu," akasema, "una mikono ya ajabu. Hujawahi kufikiria kuifanya hii iwe kazi yako?"

Nikamwambia hapana, sijawahi. Kengele ikalia, tukaambiwa tutoke tuwapishe wengine.